Hatua Thelathini

Hebu tuanze na bunduki. Wengi wenu mkisikia habari za vita kati ya Wajerumani na mababu zetu huona kisa kimekwisha kabla hakijaanza: huyu ana bunduki, yule ana mkuki, basi tena. Ukurasa unageuzwa, somo linasonga mbele. Leo tusiugeuze haraka.

Bunduki yenyewe iliitwa Mauser, ya mtindo wa mwaka 1871. Ilikuwa nzito, zaidi ya kilo 4, na risasi yake ilikuwa nene, milimita 11. Ilipakiwa risasi moja moja. Askari akishafyatua, ilimbidi ainue komeo la chuma lililo nyuma ya mtutu na kulivuta. Ganda la risasi iliyokwisha kulia halikuruka lenyewe kama mnavyoona kwenye filamu; alilazimika kuilaza bunduki ubavu ili ganda lidondoke. Kisha mkono uende kwenye mfuko wa mkandani, upapase risasi nyingine, uiingize, usukume komeo, ulikaze, bunduki irudi begani, jicho litafute shabaha. Ndipo mlio wa pili. Baruti ya wakati ule ilikuwa nyeusi na ilitoa moshi mzito, kwa hiyo kikosi kikipiga mara mbili tatu kilikuwa kimejifunika wingu lake chenyewe.

Askari hodari, asiyetetemeka mikono, angeweza kufanya hayo yote kwa sekunde tano au sita. Sasa nendeni uwanjani, mpime hatua thelathini, mmoja wenu mwenye mbio asimame mwisho wa hatua hizo na akimbie kumwelekea mwenzake. Hesabuni. Atafika kabla hamjamaliza kutamka sita.

Hatua thelathini ndizo zilizokuwa kati ya askari wa Mjerumani na vichaka vya Lugalo, asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891.

Lugalo iko Uhehe, upande wa mashariki wa mji wa Iringa wa leo. Mji wenyewe siku hizo haukuwapo. Mtawala wa nchi alikuwa Mkwavinyika wa Munyigumba, ambaye sisi tumezoea kumwita Mkwawa. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo na himaya ndogondogo za nyanda zile zikawa dola moja. Alipofariki, karibu mwaka 1879, mwanawe ilimlazimu kwanza kupigania kiti chake, kisha kupambana na Wangoni waliokuwa wakipanda kutoka kusini.

Wangoni wanatuhusu hapa, maana vita vyao na Wahehe vilikuwa shule. Wangoni walikuwa na asili ya kusini kabisa mwa Afrika, ambako wapiganaji waliacha kutegemea mkuki wa kurusha peke yake. Ukirusha mkuki ukakosa, umempa adui silaha. Wao walikuwa na mkuki mfupi, wenye ubapa mpana, ambao haukutoka mkononi: unaukimbilia mwili wa adui, unajikinga kwa ngao, unachoma. Wahehe walipambana nao kwa miaka kadhaa na waliutazama kwa makini mkuki ule. Kufikia wakati wa Mkwawa, mpiganaji wa Kihehe alibeba mikuki ya kurusha, mmoja wa kuchomea, na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Alikuwa amezoea vita vya kukimbilia, si vya kusimama mbali na kutupiana.

Nisiwadanganye kwamba Mkwawa alikuwa mtu mpole. Alikuwa mtawala mkali, na majeshi yake yaliwavamia Wasangu, Wabena, Wagogo na wengine, yakachukua ng'ombe na watu. Wahehe waliivamia pia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara. Majirani waliomwogopa hawakulia alipopata shida baadaye. Merere, mtawala wa Usangu, alijiunga na Wajerumani. Kila mara mkisoma kwamba Wazungu waliishinda nchi fulani kwa askari wachache, tafuteni ni majirani gani walikuwa wakiwaonyesha njia.

Haya, na Wajerumani? Walikuwa wameshika pwani kwa mabavu baada ya vita ya Abushiri bin Salim, waliyemnyonga Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1891 jeshi lao la koloni liliundwa rasmi, na kamanda wake wa kwanza akawa Emil von Zelewski. Watu wa pwani walimpa jina la Nyundo, na jina hilo halikuwa sifa. Mwaka 1888 alikuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani hapo Pangani, na ubabe wake ulichangia kuiwasha vita ile ya Abushiri. Sasa alipewa kazi ya kwenda kuwatia adabu Wahehe.

Alitoka Kilwa katikati ya mwaka akiwa na maofisa wachache wa Kizungu, mamia ya askari, wapagazi, punda, mizinga midogo na bunduki za rashasha aina ya Maxim. Nataka mjue askari hawa walikuwa nani, kwa sababu vitabu huandika "Wajerumani" na kuishia hapo. Wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri. Wengine walitoka Msumbiji, Washangani, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Walikuwa watu wa mshahara, mbali sana na kwao, wakipita nchi ambayo hawakuijua lugha yake wala njia zake. Wengi wao hawakurudi.

Njiani Zelewski alichoma makazi mengi. Masimulizi ya Uhehe yanasema Mkwawa alituma wajumbe wa kusema naye, nao wakapigwa risasi. Kwa hesabu za Nyundo hakukuwa na haja ya kusema na mtu: watu hawa wana ngao na mikuki, milio michache itawatawanya. Na kweli, ukiwakuta uwanda mweupe, mita 300 mbele yako, rashasha yako imesimama imara juu ya miguu yake, hesabu hiyo haikosei. Bunduki ya Maxim, iliyobuniwa mwaka 1884, ilikuwa ikitema risasi zipatazo 500 kwa dakika. Hakuna ngao ya ngozi inayosimama mbele ya hilo.

Lakini Maxim ilihitaji mambo. Ilihitaji kushushwa, kufunguliwa, kusimamishwa juu ya miguu yake, kutiwa maji ya kupoza mtutu, kuvikwa mkanda wa risasi, na watu waliofunzwa kuihudumia. Ikiwa bado imefungwa kamba, ni mzigo tu, tena mzigo mzito.

Wazia msafara ule. Njia za zamani zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja. Watu 500 wakipangana mmoja nyuma ya mwingine, na mita mbili kati yao, wanachukua kilomita nzima. Aliye mbele hamwoni wa nyuma. Amri ikitolewa kichwani haifiki mkiani ila kwa kupokezana. Kushoto na kulia ni vichaka, mawe makubwa na nyasi za kiangazi. Desturi ya jeshi lolote lenye akili ni kupeleka wapelelezi mbele na pembeni kabla ya kuingia mahali kama hapo. Zelewski hakufanya hivyo. Alikuwa mbele, amepanda punda.

Wahehe walikuwa wamelala vichakani. Idadi yao inakadiriwa kuwa 3,000. Masimulizi humtaja Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa ndiye aliyewaongoza siku hiyo. Fikirini ugumu wa kazi hiyo: watu elfu kadhaa, kimya, ngao zimelazwa chini, huku wakisikia kwato za punda na mazungumzo ya askari yakipita karibu yao, na hakuna anayeruhusiwa hata kukohoa. Ushujaa wa kukimbia na mkuki huimbwa sana, ila mimi huuheshimu zaidi ule wa kulala kimya.

Ishara iliyokubaliwa, inasimuliwa, ilikuwa mlio wa bunduki. Msafara mzima ungeachwa uingie mtegoni, kichwa hadi mkia, kisha bunduki moja ingelia. Ila kabla ya wakati huo ofisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege, akampiga risasi. Vichaka vikainuka.

Ilikuwa yapata saa moja asubuhi. Askari walipata nafasi ya kupiga risasi moja, waliobahatika mbili. Hesabu yenu ya uwanjani inatosha kueleza sababu. Punda waliobeba mizinga walishtuka wakaparamia kombania iliyokuwa nyuma yao, wakaivuruga kabla ya Wahehe kuifikia. Bunduki tupu, ukipambana na mtu aliyekukaribia kwa mkuki mfupi, ni rungu refu lisilogeuka vizuri. Zelewski aliuawa pale pale. Uhehe wanasimulia kwamba aliyemchoma alikuwa kijana mdogo tu, wa umri wa baadhi yenu, na kwamba alizawadiwa ng'ombe.

Kazi yote ilichukua muda mfupi, dakika kumi au zaidi kidogo. Walikufa Wazungu 10 na askari zaidi ya 200, pamoja na wapagazi wengi. Hao wapagazi hawakuwa na silaha. Walikuwa na mizigo vichwani. Wahehe nao walipoteza watu, maana risasi ya milimita 11 iliyopigwa karibu hivyo haihitaji kulengwa sana. Kikosi cha nyuma, chini ya Luteni Tettenborn, kilisalimika kwa sababu ya yule ndege: mtego ulifungwa kabla mkia haujaingia. Kilishika mlima, kikakusanya majeruhi na waliotawanyika, kisha kikarudi na mabaki.

Wahehe waliokota bunduki zipatazo 300, pamoja na mizinga.

Hapa ndipo wasimulizi wengi husimama, na nawaelewa, maana ni pazuri pa kusimama. Lakini swali gumu linaanza hapa. Ikiwa Mkwawa alishinda akiwa na mikuki, ilikuwaje akashindwa miaka mitatu baadaye, akiwa na mamia ya bunduki?

Jibu liko Kalenga, makao yake makuu kando ya Mto Ruaha Mdogo. Mkwawa alikuwa amejenga ngome huko, yenye ukuta wa mawe na udongo mrefu kuliko mtu. Isike, mtawala wa Unyanyembe, naye alikuwa na ngome kama hiyo Tabora. Kwa vita vya zamani, dhidi ya Wangoni au Wasangu, ngome ya namna ile ilikuwa jambo la busara kabisa. Mkuki haubomoi ukuta.

Mzinga unabomoa. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliiteka ngome ya Isike, na Isike akajilipua kwa baruti ndani yake kuliko kukamatwa. Habari hiyo yaelekea ilifika Uhehe. Na bado, Oktoba 1894 Gavana von Schele alipokuja na kombania kadhaa na mizinga, Mkwawa aliwangoja Kalenga, nyuma ya ukuta.

Tazameni alichokifanya. Lugalo, adui hakujua Wahehe wako wapi. Kalenga, walikuwa mahali pamoja, panapojulikana, panapoonekana toka mbali. Lugalo umbali ulikuwa hatua thelathini. Kalenga mizinga iliwekwa mbali kuliko mkuki wowote uwezavyo kuruka. Lugalo msafara ulikuwa umetandazwa njiani, silaha zimefungwa. Kalenga adui alikuwa na siku nzima ya kufungua mizigo yake, kuchagua kilima, kupima na kupiga. Masharti yote yaliyowafaa Wahehe yaligeuka yakamfaa Mjerumani, na aliyeyageuza ni ukuta.

Na zile bunduki 300? Bunduki ya Mauser haili baruti ya kumimina na kipande cha chuma kama magobore ya zamani. Hula risasi yenye ganda la shaba nyekundu na zinki zilizochanganywa kiwandani, na mhunzi hodari wa Uhehe, ajuaye kufua jembe na mkuki wa kukata nywele, hakuwa na njia ya kuitengeneza. Zilizookotwa Lugalo zikiisha, zimeisha. Juu ya hayo, askari wa Kisudani alifunzwa kwa miezi kuitumia silaha ile. Mtu aliyekulia kwenye mkuki hapewi bunduki leo akawa mpiga shabaha kesho.

Tarehe 30 Oktoba 1894 ukuta ulivukwa, watu wakapigana nyumba kwa nyumba, Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliponyoka.

Lililofuata ni la kustaajabisha kuliko Lugalo, ingawa halina siku moja tukufu ya kusimulia. Kwa karibu miaka minne Mkwawa alirudi porini, kwenye vita alivyovijua. Alivamia, akatoweka, akavamia kwingine. Wananchi walimficha na kumlisha. Wajerumani walijibu kwa njia ambayo majeshi ya kikoloni yameitumia kote duniani: walichoma mashamba na chakula, wakajenga boma jipya ambalo ndilo lililozaa mji wa Iringa, wakamtafutia mbadala katika ukoo wake mwenyewe. Mbadala huyo alikuwa Mpangile. Walimtawaza mwishoni mwa 1896, na baada ya miezi michache tu wakamnyonga, wakimshuku kwamba anamsaidia ndugu yake. Kisha wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa.

Tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, akiwa amechoka, mgonjwa na amebaki karibu peke yake, Mkwawa alijipiga risasi. Askari waliosikia mlio walipofika walikuta amekwisha kufa. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, fuvu hilo lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe. Halikurudi mpaka Juni 1954, Gavana Mwingereza Edward Twining alipolitoa katika makumbusho ya Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Liko Kalenga, katika makumbusho madogo, na mnaweza kwenda kuliona.

Basi mtu akiwaambia kwamba mababu zetu walishindwa kwa kuwa walikuwa na mikuki, muulizeni siku gani, na mahali gani. Kambi kubwa ya jeshi pale Dar es Salaam, na hospitali yake, zimepewa jina la Lugalo. Hakuna kambi iliyopewa jina la bunduki 300 zilizookotwa huko. Nanyi mkijaliwa kusafiri kwenda Iringa, msianzie Kalenga kama wageni wengi wanavyofanya. Anzieni Lugalo, mwingie vichakani, mpime hatua wenyewe. Ndipo mwende mkautazame ukuta.